Bibi Aliyeinua Mikono

Kila asubuhi ya likizo, Shabaha alianza kazi kwa kufagia. Karakana ya mjomba wake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango unaotazama barabara, na vumbi la barabara hiyo lilijipitisha chini ya mlango bila kubisha hodi. Alifagia kwanza chini ya meza ya kazi, polepole, kwa sababu skrubu ndogo hudondoka huko na mjomba hakupenda zitupwe pamoja na taka. Aliziokota moja moja akazitia kwenye kopo. Kisha akafuta redio, pasi na runinga zilizokuwa zikisubiri wenyewe, akapanga bisibisi kuanzia ndefu hadi fupi, akaketi mlangoni kumsubiri binamu yake.

Jina lake halisi lilitajwa na mwalimu tu, wakati wa kuita mahudhurio. Nyumbani na mtaani alikuwa Shabaha, kwa kuwa tangu utotoni akilenga kitu kwa jiwe, kitu hicho huanguka. Binamu yake, mtoto wa mjomba, aliitwa Profesa. Jina hilo alipewa na baba yake mwenyewe, na baba akikupa jina la namna hiyo, kazi ya kulibeba inabaki kuwa yako. Profesa alikuwa na miaka kumi na mitatu, mkubwa kwa Shabaha kwa mwaka mmoja, na shuleni kwao lugha ya kigeni ilifundishwa kila siku. Aliweza kukamata kitabu cha lugha hiyo akakisoma kwa sauti bila kujikwaa hata mara moja, wateja wa baba yake wakabaki wanatikisa vichwa. Hakuna aliyewahi kumuuliza kitabu kimesema nini.

Likizo hiyo mjomba aliwapa kazi ambayo watoto wa mtaa mzima wangeigombania. Msichana mmoja wa sekondari, aliyesoma shule ya bweni, alikuwa ameacha mashine yake ya gemu itengenezwe wakati yeye yuko shuleni.

"Mashine hii haina ugonjwa wa kuonekana," mjomba aliwaambia, akiiweka chini ya runinga kubwa. "Ukiiwasha, inawaka. Ukiicheza kidogo, inacheza. Lakini mwenyewe anasema ikichezwa muda mrefu inazimika kama mtu aliyezirai. Nimeisafisha, nimekaza waya zake. Sasa inatakiwa ichezwe mpaka ichoke, ndiyo nitajua kama imepona. Mimi nina mapasi ya watu hapa. Nyinyi mtakuwa wapimaji wangu."

"Yaani kazi yetu ni kucheza?" Shabaha aliuliza, asiamini masikio yake.

"Kazi yenu ni kupima. Kucheza ni namna ya kupima. Ikipiga kelele, ikinuka, ikiandika jambo lolote, niambieni. Mwenyewe ameruhusu mtumie na gemu lake. Shule yao ikifunga, anakuja kuichukua."

Ndani ya mashine mlikuwa na gemu moja tu, na gemu hilo lilikuwa hadithi. Mtu unayemchezesha humwoni. Unaiona mikono yake miwili na bunduki aliyoishika, basi, hata baada ya muda unadhani mikono ile ni yako. Unaanza ukiwa umesimama ndani ya mlima, katika mji uliochimbwa kwenye jiwe. Barabara zake zina taa nzuri, kuta zimechorwa picha za watu wanaocheka huku wamebeba vikapu vya chakula, na hakuna mlango hata mmoja wenye kufuli. Lakini meza zimepinduliwa, sahani zimejaa vumbi, na katika vichochoro wanatembea askari wenye vinyago vya kijivu ambao wakikuona tu wanafyatua risasi. Watu wakisema, maneno yao huandikwa chini kwenye kioo cha runinga, kwa lugha ya kigeni.

Kwa hiyo waligawana kazi. Shabaha alishika pedi ya kuchezea, akatembea na kulenga. Profesa aliketi pembeni yake, akasoma na kufasiri. Shabaha alikuwa ameianza lugha ile juzijuzi tu shuleni, akijua kuhesabu na kusalimu.

"Anasemaje?" aliuliza kila mara mtu alipofungua mdomo.

Profesa alisoma kwa sauti, maneno yakimtiririka, kisha akafasiri. Alimweleza kwamba watu wa mji ule walikimbia vita, wakaingia mlimani wakaapa kwamba hakuna atakayefunga mlango wala kuficha chakula. Waliishi hivyo kwa raha mpaka bibi mmoja mwenye wivu alipotia sumu kwenye kisima cha mji. Ndipo watu wakaanza kuogopana, na askari wakavaa vinyago ili wasivute hewa ya sumu. Waliobaki hai walijificha, wakisubiri mtu wa kuwafungulia lango kubwa lililo juu ya mlima.

Shabaha aliipenda hadithi hiyo kuliko hadithi yoyote aliyowahi kusomewa. Alipokuwa akiosha vyombo nyumbani aliuwaza mji wa mlimani. Kulikuwa na mtoto mmoja mwenye koti la njano, ambaye mara kwa mara alichungulia nyuma ya mapipa, akamtazama, kisha akakimbia. Shabaha alijiapiza kwamba mtoto yule atamtoa. Atafungua lango lile kabla mwenye mashine hajarudi, na mtoto yule atatoka nje alione jua.

"Tutafika?" alimuuliza Profesa.

"Wewe lenga, mimi nisome. Tutafika."

Mchana mmoja, walipokuwa wamecheza tangu asubuhi, maandishi mengine yalitokea katikati ya kioo. Haya yalikuwa na ukingo mwekundu, na gemu lilisimama. Mjomba aliinua kichwa, chuma cha kuchomelea kikifuka moshi mkononi mwake.

"Inasemaje hiyo?"

Profesa aliyasoma kwa sauti, vizuri kama kawaida yake. Akayapitia tena kwa macho. "Inauliza kama tunataka kuendelea, Baba."

"Basi endeleeni," mjomba alisema, akarudi kwenye pasi yake.

Maandishi mekundu yalirudi tena siku iliyofuata, na nyingine baada ya hiyo. Kila yalipotokea, Profesa alinyoosha mkono akabonyeza kitufe, yakaondoka. Mashine ilikaa karibu na mlango penye upepo, na haikuzima. Mjomba alifurahi, akawaambia wateja wawili watatu kwamba ile mashine iliyowashinda mafundi wengine yeye ameiponya.

Hatimaye Shabaha alifika juu ya mlima. Alipita ukumbi mrefu wenye nguzo, akawamaliza askari wa mwisho, akaingia chumba kidogo. Ndani alisimama bibi mzee aliyejifunga kitambaa cheupe kichwani. Hakuwa na silaha. Alipomwona, aliinua mikono yote miwili juu, akaanza kusema. Alisema mengi, machozi yakimtoka, na maandishi chini ya kioo yalipita mstari baada ya mstari.

Kidole cha Shabaha kilikuwa tayari, lakini hakikubonyeza. "Anasemaje?"

Profesa alikodoa macho. Mistari ilikuwa mirefu na haikungoja mtu. "Anasema... yeye ndiye aliyetia sumu. Na wala hajuti."

"Mbona ameinua mikono?"

"Ujanja huo. Anasema ukimpa mgongo tu, atakumaliza."

"Mbona analia, sasa?"

"Shabaha, anayesoma hapa ni nani, mimi au wewe?"

Shabaha alilenga, akapiga. Hakukosa, kwa sababu hakuwa na kawaida ya kukosa.

Bibi alianguka chini polepole. Muziki ukakatika. Yule mtoto wa koti la njano alitokea mlangoni, akamtazama bibi, akamtazama Shabaha, kisha akageuka akakimbilia gizani. Shabaha alimfuata akimtafuta kila pembe, asimwone tena. Alikwenda kwenye lango kubwa, nalo halikufunguka. Alilisukuma, akalipiga risasi, akazunguka mlima mzima akitafuta njia nyingine. Siku mbili walizunguka hivyo, na Profesa kila mara alikuwa na la kusema: labda kuna kitufe kimefichwa, labda kuna askari mmoja amebaki.

Walikuwa bado wanazunguka mwenye mashine alipoingia. Alikuwa amevaa sare za shule, begi begani, na vumbi la safari miguuni. Walimwamkia, naye akaitikia huku macho yake yameshafika kwenye runinga.

"Mmefika mpaka juu? Mnajitahidi," alisema. "Mbona lango halijafunguliwa? Bibi yuko wapi?"

"Nimemmaliza," Shabaha alijibu, na alijibu kwa fahari.

Msichana yule aliweka begi chini. "Umemuua Bibi? Kwa nini?"

"Si ndiye aliyetia sumu kisimani?"

"Sumu gani? Kisima gani? Humo ndani hamna hata kisima." Alimtazama Shabaha, akaona hatanii. Akaketi kwenye kigoda. "Sikiliza. Wazee wa mji waliwaambia watu kwamba nje ya mlima hewa imeoza, atakayetoka atakufa. Hakuna aliyekwenda kuhakikisha. Chakula kikapungua, wakaanza kufa njaa ndani, na lango liko palepale. Yule bibi ndiye peke yake aliyetoka. Akaona nje kumeota majani, mvua inanyesha. Akarudi kuwaambia wenzake, wazee wakamwita kichaa, wakatuma askari wamtafute. Yeye ndiye anayejua lango linafunguliwaje. Anakuinulia mikono anakuomba usimpige, umsaidie kuwatoa watu. Yule mtoto wa koti la njano ni mjukuu wake."

Nje, mtu alipita akisukuma mkokoteni, magurudumu yakilia.

"Lakini alisema," Shabaha alianza, akageuka kumtazama binamu yake. Hakumaliza. Profesa alikuwa anaitazama sakafu, na masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

"Hukujua," Shabaha alisema. "Siku zote hizi. Ulikuwa hujui anasema nini."

Profesa aliinamisha kichwa zaidi.

Shabaha aliweka pedi chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Kilichomuuma hakikuwa gemu peke yake. Aliona mikono ya bibi juu. Aliona machozi. Macho yake yalimwambia kweli, naye akayakataa, akaufuata mdomo wa mtu kwa sababu mtu huyo alikuwa ndugu yake. Tena alikuwa amemuuliza, si mara moja. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na yeye kwa siku nyingi alikuwa ameketi bega kwa bega na nguo hiyo.

"Nilikuwa upande wa wale waongo," alisema kwa sauti ndogo. "Ulinifanya askari wao."

Mjomba hakuwa amesikia yote. Alikuwa nyuma ya meza akitayarisha katoni ya mashine, akifurahi kwamba mteja amefika na kazi imekwisha. "Haya, binti, chombo chako hiki hapa," alisema, akaja kuchomoa waya. "Wamekicheza kutwa kucha, hakikuzima hata mara moja. Kimepona."

Neno hilo, kimepona, ndilo lililomkumbusha Shabaha. Maandishi mekundu. Nani aliyasoma yale? Alimtazama tena Profesa, na akaona kwamba Profesa naye ameyakumbuka, kwa sababu sasa alikuwa ameinua kichwa, akiikodolea mashine macho.

Shabaha angeweza kusema. Alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akaendelea kumtazama tu. Hasira yake ilitaka kumwona atafanya nini.

Mjomba aliiingiza mashine katika katoni. Alikunja waya. Mwenye mashine aliinuka, akachukua begi lake.

"Baba," Profesa alisema. "Usimpe."

"Nisimpe nini?"

"Mashine. Yale maandishi mekundu... sijui yalisema nini. Sikujua tangu mwanzo. Niliona ni marefu, nikasema tu."

Mjomba alisimama na katoni mikononi. "Ulisema inauliza kama mnataka kuendelea."

"Nilibuni, Baba. Na hadithi ya gemu nayo niliibuni. Maneno mengi ya lugha ile siyajui. Najua kuyatamka."

Kwa muda mjomba alikuwa kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Alimtazama mwanawe, akamtazama mteja ambaye dakika hiyohiyo alikuwa amemwambia chombo kimepona. Aliirudisha katoni mezani. Alipozungumza, alizungumza na mteja kwanza.

"Binti, naomba uniwie radhi. Nimekuambia neno ambalo sikulihakikisha. Haya maandishi mekundu unayajua?"

"Yenye ukingo mwekundu? Yanasema mashine imepata joto kupita kiasi, izimwe ipoe, la sivyo itaungua," msichana alisema. Hakuonyesha kufurahi. "Yalitokea mara ngapi?"

"Kila siku," Profesa alijibu, kwa sauti ambayo haikufika mbali.

Mjomba alichukua bisibisi akaifungua mashine palepale, mbele ya mwenyewe. Alipoiwasha ikiwa wazi, wote waliona. Feni ndogo ya ndani, inayotoa hewa ya moto, ilikuwa inazunguka kivivu, ikisita, ikizunguka tena. Mjomba aligusa chuma kilicho kando yake baada ya muda mfupi akaondoa kidole haraka. "Ni ule upepo wa mlangoni ulioiokoa," alisema. "Ungefika nayo nyumbani, ukaifungia chumbani, ingekufa kabisa, na ungesema fundi yule ni tapeli. Na ungekuwa na haki."

Walikubaliana aiache, abadilishiwe feni, ipimwe upya. "Nitakuja mwenyewe kila mchana kupima," mwenye mashine alisema. "Si kwamba siwaamini."

"Ni kwamba hutuamini," mjomba alimsaidia. "Njoo, binti. Kigoda chako kipo."

Msichana alipoondoka, Shabaha alitoka nje akaketi kwenye ngazi ya mlango. Profesa alimfuata, akasimama hatua chache kutoka alipo, asijue aketi au asiketi.

"Siku ya kwanza nilielewa kidogo," alianza. "Picha za ukutani zilinisaidia. Halafu wewe ukawa unasikiliza vile, umefungua macho, na Baba anawaambia wateja, 'mwanangu anafasiri'. Ningesema sijui, ningekuwa nani?"

"Ungekuwa binamu yangu asiyejua," Shabaha alisema. "Ndivyo nilivyo mimi. Mimi sijui lugha ile na hakuna aliyekufa. Wewe ulijifanya unajua, bibi wa watu akafa."

"Ni gemu tu, Shabaha."

Aligeuka akamtazama. "Usiniambie ni gemu tu. Nilikuuliza kwa nini analia. Ulikuwa huna jibu, ukaona afadhali nimpige kuliko mimi nijue kwamba huna jibu. Hilo halikuwa la gemu. Hilo lilikuwa langu mimi na wewe."

Profesa alifuta uso kwa mkono wa shati. Shabaha naye alikuwa analia, na ilimuudhi kwamba analia. Alitaka kuwa na hasira tupu, lakini ndani ya hasira mlikuwa na huzuni ya hadithi nzuri ambayo haikuwapo popote isipokuwa kinywani mwa mwongo.

Mjomba alikuja akaketi ngazini kati yao. Mikono yake ilinuka moshi wa kuchomelea.

"Profesa," alisema, "leo umeniaibisha mbele ya mteja. Hilo nitalisema wazi, maana limeniuma. Lakini umeniaibisha kwa kweli, na aibu ya kweli inapona. Ungenyamaza, ningeaibika kwa uongo, na hiyo haina dawa." Alifuta mikono kwenye suruali. "Tena na mimi ninalo langu. Nilikupa jina kubwa kabla hujalifikia, nikakutembeza nalo mbele ya watu. Sikukuachia mlango wa kusema sijui. Lakini hata mlango usipoachwa, mtu mkweli hubisha. Katika kazi hii yangu, fundi anayesema 'hiki sikijui' huwa anapoteza mteja mmoja. Asiyesema huunguza vyombo vya watu wote. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kufasiri usichokielewa, mwenzio akaenda nacho."

"Nisamehe, Baba. Nisamehe, Shabaha."

"Mimi nimekusamehe," mjomba alisema. "Huyu hapa ana hesabu yake mwenyewe, usimharakishe. Kusema kweli umeshasema. Kuaminiwa kunarudi kwa miguu, hakupandi gari."

Shabaha aliinuka akaingia ndani kuokota skrubu zilizodondoka mashine ilipofunguliwa.

Feni mpya ilipofungwa, walianza gemu upya tangu mwanzo, kwa sababu mchezo wa zamani ulikuwa umefika mahali pasipo na njia. Shabaha alishika pedi. Mwenye mashine aliketi upande wake wa kulia, akafasiri kwa kifupi, bila madoido. Profesa aliketi upande wa kushoto akiwa na kamusi ya shule mapajani, na kazi yake ilikuwa kuweka kiganja juu ya mashine kuangalia joto. Hakuna aliyemuuliza kitu. Kila mtu wa mlimani alipofungua mdomo, Shabaha aligeukia kulia. Mara ya kwanza Profesa alitaka kusema, akajizuia. Baadaye alizoea kutazama kisogo cha Shabaha. Ilimuuma, na alijua ni haki yake kuumwa.

Hadithi ya kweli ilikuwa ngumu kuliko ya Profesa. Wazee wa mji hawakuwa wabaya tangu mwanzo. Walisema uongo mmoja ili watu wasiondoke, halafu wakalazimika kuulinda, na kuulinda kulihitaji askari. Shabaha aliposikia hivyo alitupa jicho kushoto. Profesa alikuwa ameinamia kamusi, akijifanya hajasikia.

Maandishi mekundu hayakutokea tena. Mwenye mashine alisema sasa ameridhika, wamalizie mchana huo aende nayo. Ndipo walipofika chumba kidogo cha juu.

Bibi wa kitambaa cheupe aliwaona, akainua mikono. Shabaha hakungoja kufasiriwa. Alishusha bunduki kabla bibi hajasema neno lolote, na mtoto wa koti la njano akatoka nyuma ya pazia, akamshika bibi yake nguo.

Mwenye mashine alikuwa ameinuka kunywa maji kwenye mtungi wa mlangoni. Bibi alisema mstari mmoja, akanyoosha mkono kuelekea ukutani ambako kulikuwa na vipini vitatu, na maandishi yakabaki chini ya kioo yakingoja. Shabaha aligeukia kulia, akakuta kigoda kitupu. Alikaa hivyo kidogo. Kisha akageukia kushoto.

"Anasemaje?"

Profesa alisoma mstari ule kimoyomoyo. Akaupitia tena kwa kidole. Alifunua kamusi, akatafuta, akafunua tena. Mjomba aliacha kazi yake mezani, akasikiliza.

"'Vuta' nalijua," Profesa alisema. "'Kipini' nalijua. Neno la katikati silijui. Linaweza kuwa cha kwanza, linaweza kuwa cha mwisho, na kwenye kamusi hii silioni. Sijui, Shabaha."

Shabaha alimtazama usoni. Tangu likizo ianze, hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza la binamu yake ambalo aliliamini lote.

"Basi tusiguse," alisema. "Uliza."

"Dada," Profesa aliita kuelekea mlangoni, "samahani, kuna neno hapa silijui. Njoo utufundishe."

Mwenye mashine alirudi akiwa na kikombe mkononi, akainama kati yao, akalisoma. Kilikuwa kipini cha mwisho. Shabaha alikivuta. Lango kubwa lilitetemeka, likaanza kufunguka, na mwanga ukaingia mpaka kwenye nyuso za watu waliokuwa wamejificha. Walitoka mmoja mmoja, wakikinga macho kwa viganja, mtoto wa koti la njano akiwa mbele.

Mjomba alikuja akasimama nyuma ya vigoda vyao. "Mnaona, wanangu," alisema. "Mji ule uliuawa na watu waliojua kusema kila kitu isipokuwa 'hatujui'. Mwenye kukubali hajui, mtu anaweza kumfuata bila hofu, maana siku akisema anajua, anajua kweli."

Shabaha alisogeza kigoda chake upande wa kushoto, kidogo tu, akamwachia Profesa nafasi ya kuona kioo vizuri. Hakusema kwamba amemsamehe, kwa kuwa bado. Alimwuliza tu kama mashine imepata joto, naye akaweka kiganja, akangoja hasa, ndipo akajibu.

"Haijapata."